Potosí: fedha ilikwenda wapi?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Pangani. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamenibana kuhusu mji wa Potosí, Bolivia. Wamesoma kwamba zamani ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa na tajiri duniani, na leo ni makao makuu ya mkoa maskini. Je, fedha iliisha? Na watu walifikiria nini kujenga mji mahali ambapo hata kupumua ni kazi? La mwisho ni la nyumbani: marehemu bibi yangu aliacha sarafu nzito ya fedha, mwenyewe akiiita reale. Mtu ameniambia imetoka huko huko Potosí. Kweli?"

Mwalimu, niseme la kwanza kabla halijanitoka: haikuisha. Leo hii, wakati unasoma hapa, kuna maelfu ya wanaume ndani ya mlima ule ule wakitoboa mwamba ule ule. Nadhani Kiswahili chetu kimewachanganya vijana wako kidogo, maana sisi madini na pesa vyote tunaviita fedha. Kwa Potosí inabidi uvitenge. Fedha ya mwambani ipo hadi leo, ingawa ni hafifu kuliko zamani. Fedha ya mfukoni ndiyo ambayo haikupata kukaa mjini, wala mwaka 1600, wala 1900, wala sasa. Nikishakueleza kwa nini, sarafu ya bibi nayo itapata maelezo yake.

Tuanze na mahali penyewe. Potosí iko kusini mwa Bolivia, nyuzi 19 na nusu kusini mwa ikweta. Ukiufuata mstari huo hadi upande wetu unaangukia jirani na Beira, Msumbiji, kwenye minazi na jasho. Lakini Potosí iko mita 4,060 hivi juu ya usawa wa bahari. Waambie wanafunzi waliowahi kusikia habari za wapanda Kilimanjaro: Horombo, pale wageni wanapolala usiku wa pili wakilalamika vichwa vinauma, ni mita 3,720. Watu wa Potosí wanapeleka watoto shule, wanacheza mpira na kuuza vitunguu juu zaidi ya Horombo. Na mlima unaousimamia mji, Wahispania waliouita Cerro Rico, yaani Mlima Tajiri, na wenyeji kwa Kikechua Sumaq Urqu, Mlima Mzuri, unafika karibu mita 4,800. Umeupita Meru wetu wa Arusha.

Siku yangu ya kwanza pale nilipanda ngazi za nyumba ya wageni, ghorofa mbili tu, nikakaa kwenye kidato cha mwisho kama mzee wa miaka themanini. Bibi mwenye nyumba alipita na ndoo ya maji, akanitazama, akaenda kuniletea chai ya majani ya koka. Hewa ya pale kila pumzi inakupa oksijeni kama sehemu tatu tu kwa tano ya ile ya Pangani. Wenyeji miili yao imezoea kwa vizazi na vizazi. Mgeni hupewa siku tatu nne za kutembea kama kinyonga. Juni na Julai usiku maji huganda kwenye beseni. Hakuna mahindi yanayokubali pale, hakuna msitu, na nyasi zenyewe ni ngumu kama waya. Kinachokubali ni viazi mviringo, na hata hivyo kwenye mabonde ya pembeni.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyechagua mahali hapo kwa ajili ya kuishi. Mlima ndio uliowavuta. Miaka karibu milioni 14 iliyopita uji wa mwamba ulipanda kutoka chini ukagandia pale pale kama kizibo. Maji ya moto yaliyobeba madini yakapenya kwenye nyufa zake, yalipopoa yakaacha mishipa ya fedha, bati, zinki na risasi, mingine inashuka mamia ya mita. Halafu mvua na hewa vikaufanyia kazi upande wa juu kwa mamilioni ya miaka, hata karibu na kilele fedha ikajikusanya katika mbale (mawe yenye madini) laini, rahisi kuyeyusha. Hilo la mbale laini juu na ngumu chini lishike, ndilo lililoamua karne ya kwanza ya mji.

Mwaka 1545 Diego Huallpa, mwenyeji wa milima hii ya Andes aliyekuwa akifanya kazi kwa Wahispania kwenye machimbo ya Porco yaliyo jirani, ndiye anayetajwa kuwa aliyeugundua mshipa. Utasikia hadithi kwamba alikuwa akifukuza llama, mnyama wa mizigo wa huko, aliyepotea, akawasha moto usiku apate joto, asubuhi akakuta fedha imeyeyuka na kutiririka. Hiyo waachie watalii. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 962. Moto wa nyasi za kuotea mikono haufiki huko. Ila baada ya habari kutoka, Wahispania walimiminika, na miaka miwili tu baadaye mfalme wao Carlos alikwisha upa mji jina la Mji wa Kifalme.

Miaka 20 ya mwanzo ina jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Wahispania walikuwa na mashimo, lakini kuyeyusha hawakujua. Kwa hewa nyepesi ile, mivukuto yao ilishindwa. Waliojua ni wenyeji, waliokuwa na vitanuru vya udongo vyenye matundu, vikiitwa wayra, maana yake upepo. Walivipanga kwenye migongo ya vilima, jioni upepo ukianza wanawasha, na usiku milima yote ikawa inametameta. Mwenye mgodi alilazimika kuwapa mbale na kugawana nao fedha iliyotoka. Sokoni, wanawake wenyeji walibadilishana koka kwa mawe ya madini. Kwa kipindi kile kifupi, sehemu kubwa ya fedha ilipita mikononi mwa watu wa Andes wenyewe. Kisha mbale laini ikaanza kupungua, katikati ya miaka ya 1560, na mji ukaanza kuyumba.

Ndipo akaja Francisco de Toledo, makamu wa mfalme katika Peru, aliyefika Potosí mwishoni mwa 1572. Katika miaka michache mtu huyu aliugeuza mji kuwa mashine. Alileta zebaki. Wachenjuaji wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa: unasaga jiwe hadi liwe unga, unachanganya na maji na zebaki, zebaki inakumbatia madini, kisha unaichoma ipae na kuacha unachokitaka. Potosí waliongeza chumvi, ya kusaidia mbale ngumu. Zebaki yenyewe ilitoka Huancavelica, Peru, na mgodi ule uliuzia wote kwa masharti ya mfalme. Angalia ujanja: sasa mwenye kuidhibiti zebaki anadhibiti fedha, na wale wa vitanuru vya upepo wamebaki na mabaki.

Kusaga mawe kunataka nguvu, na nguvu pale ilikuwa maji. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, miezi mingine ni ukavu. Kwa hiyo wakajenga mabwawa kwenye milima ya Kari-Kari juu ya mji, wakachimba mfereji uliopita katikati ya makazi, na kando yake vikapangwa vinu vya maji zaidi ya mia, vyundo vyake vizito vikigonga usiku na mchana. Machi 15, 1626, bwawa la San Ildefonso lilipasuka na maji yakashuka na vinu, nyumba na watu. Baadhi ya mabwawa hayo bado yanaupa mji maji ya kunywa hadi leo.

Jambo la tatu la Toledo ndilo lenye uchungu kuliko yote: mita. Neno hilo ni la Kikechua na maana yake hasa ni zamu. Zamani za Inka, watawala wa Andes kabla ya Wahispania, kila jamii ilitoa watu kwa zamu kujenga barabara na maghala, nao wakalishwa na dola. Toledo alichukua jina akabadilisha mambo. Kuanzia 1573, wilaya 16, kutoka karibu na Cuzco hadi kusini ya Bolivia ya leo, zilitakiwa kupeleka mtu mmoja kati ya saba wa rika la kazi, jumla 13,500 hivi kila mwaka. Walikuja na wake na watoto, llama wamebeba viazi vikavu, wengine wakitembea zaidi ya mwezi. Malipo yalikuwepo kwenye daftari, ila hayakutosha hata kununua chakula kwa bei za Potosí.

Mpadri Mhispania José de Acosta, aliyeandika mwaka 1590, ameacha picha ya wabebaji wakipanda kutoka chini. Ngazi zilikuwa za kamba za ngozi zenye vipande vya miti kama vidato. Walipanda watatu watatu. Mzigo, kilo ishirini na kitu, umefungwa kwa blanketi mgongoni. Wa mbele alikuwa na mshumaa, na kwa kuwa mikono yote miwili ilihitajika kushika ngazi, mshumaa ulifungwa kwenye kidole gumba. Nje kuna baridi ya kugandisha; ndani, joto na vumbi. Ukitoka na jasho lako katika upepo ule, kichomi kinakungoja.

Hapa niwaokoe wanafunzi wako na tarakimu moja. Wataikuta mahali pengi: kwamba watu milioni 8 walikufa ndani ya Cerro Rico. Wapigie hesabu ubaoni. Mita ilianza 1573, na bunge la Hispania likaifuta 1812, miaka 239. Zidisha kwa 13,500, hata kama idadi hiyo ingetimia kila mwaka, na haikutimia kamwe baada ya miongo ya mwanzo kwa sababu watu walikimbia vijiji vyao kuikwepa. Unapata milioni 3 na robo. Kwa hiyo hata kama kila aliyeitwa angekufa, na kila mwaka angekuwa mtu mpya, bado hufiki nusu. Vibarua huru walikuwepo pia, kweli, lakini pengo ni kubwa mno. Vifo vilikuwa vingi kupita kiasi, mgodini, kwenye zebaki, njiani, na kwa magonjwa yaliyoletwa na wageni, na vijiji vilibaki na wazee. Ubaya wa mita hauhitaji kuongezewa sifuri.

Basi mashine ikazunguka. Miaka ya 1590 ndiyo ilikuwa kilele cha uzalishaji. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulihesabiwa kuwa na watu kama 160,000, sawa na miji mikubwa ya Ulaya ya wakati ule, tena kwenye mwinuko ambao Ulaya hakuna hata kijiji. Wahispania hadi leo kitu cha thamani husema kina thamani ya Potosí.

Watu 160,000 mahali pasipoota mahindi wanakula nini? Hapa ndipo uchumi wa mji unapokuwa mtamu, kwa mwalimu wa jiografia hasa. Nusu ya bara iliifanyia kazi Potosí bila kuwa na mgodi. Mahindi na ngano vilipanda kutoka mabonde ya Cochabamba. Koka ilitoka kwenye miteremko yenye joto upande wa Amazonia. Mvinyo ulitoka mabonde ya pwani ya Peru, nguo Quito, majani ya kinywaji kiitwacho mate Paraguay. Nyumbu walikuja kutoka nyanda za Argentina ya leo kwa maelfu (nyumbu ninaosema ni yule mtoto wa punda na farasi, msije mkawaza Serengeti). Watumwa Waafrika, wengi wao kutoka Angola na Kongo, walishushwa Buenos Aires na kupandishwa milimani. Huko walitumikishwa majumbani na kwenye tanuru za nyumba ya kupigia sarafu. Na hariri ya China ilifika pia, kwa magendo. Jina Argentina lenyewe linatokana na neno la Kilatini la fedha, na Río de la Plata ni Mto wa Fedha, ingawa mto ule hauna fedha yoyote. Ulikuwa mlango wa nyuma tu wa kwenda Potosí.

Chakula kimoja tu mji haukuhitaji kukitafuta mbali, nacho nimekiona kikitengenezwa. Mwezi Juni wanatandaza viazi nje usiku, baridi inavigandisha. Asubuhi jua likiwapiga vinalainika, familia nzima inavua viatu na kuvikanyaga kukamua maji, taratibu, kama watu wanaocheza ngoma ya kiutu uzima. Siku kadhaa hivyo, halafu vinaanikwa. Vinabaki vidogo, vyeusi, vigumu kama kokoto, na vinakaa miaka. Vinaitwa chuño. Llama, chuño na koka ndivyo vilivyoubeba uchumi wa fedha wa dunia.

Na fedha yenyewe? Sehemu moja kwa tano ilikuwa ya mfalme kabla ya lolote. Ilishuka kwa llama, baadaye kwa nyumbu, hadi bandari ya Arica, ikapanda meli kwenda Callao na Panama, ikavushwa nchi kavu, ikapakiwa tena hadi Sevilla. Huko haikulala. Felipe wa Pili, mfalme aliyemiliki mlima huu katika kilele chake, alitangaza kushindwa kulipa madeni mwaka 1557, tena 1575, tena 1596. Alikuwa anapigana vita kila upande kwa mikopo ya mabenki ya Genova, na meli za fedha zilifika zikiwa zimeshakopewa. Kutoka Ulaya fedha ikaendelea mashariki kununua pilipili, nguo na hariri. China, ambako kodi zilikuwa zimehamia kwenye fedha, iliivuta kama sifongo, na nyingine ilikwenda moja kwa moja kwa meli za Manila. Kwa hiyo Potosí maskini, na hata Hispania haikutajirika kwa namna ya kudumu.

Mwaka 1649 ikagundulika kwamba sarafu za Potosí zimechanganywa na shaba. Kiongozi wa mchezo huo, mfanyabiashara wa fedha aitwaye Francisco Gómez de la Rocha, alinyongwa mwaka uliofuata. Lakini habari zilikuwa zimeshafika kwa wafanyabiashara wa mbali, nao wakaanza kuzikataa sarafu za Potosí. Ili kurudisha imani, kuanzia 1652 wakabuni sura mpya: nguzo mbili zimesimama juu ya mawimbi ya bahari. Ndizo nguzo za Hercules, mlango wa Gibraltar, alama ya wafalme wa Hispania. Zikumbuke nguzo hizo.

Baada ya hapo Meksiko ikaipita Potosí kwa uzalishaji na haikurudi nyuma tena. Mji ulisinyaa, ukafufuka kidogo katika karne ya 18, na ufufuo huo kwa sehemu ulitokana na watu walioitwa k'ajcha. Hawa walikuwa wachimbaji waliokuwa wakiingia migodini mwishoni mwa juma, wenye mgodi wakiwa kanisani au wamelala, wanachimba hadi Jumapili usiku, wanasaga mbale kwenye vinu vyao vidogo vya mawe. Serikali iliwaita wezi. Wao waliita desturi. Hatimaye fedha yao ikawa inanunuliwa kama ya mtu mwingine yeyote. Nyumba mpya ya sarafu iliyokamilika 1773 bado imesimama, sasa ni makumbusho, na ndani kuna mitambo ya mbao, magurudumu yenye meno kupita urefu wa mtu, iliyozungushwa na nyumbu kwenye chumba cha chini. Sakafuni nyayo zao zimechimba duara.

Vita vya uhuru vilimaliza kilichobaki. Simón Bolívar alipopanda Cerro Rico Oktoba 1825 kusimika bendera juu ya kilele, mji chini yake ulikuwa na watu kama 9,000.

Karne ya bati nitaipita mbio, kwa sababu ni hadithi ile ile imevaa nguo nyingine. Wahispania walikuwa wakilitupa bati kama uchafu. Dunia ilipotaka makopo ya chakula na solda, uchafu ukawa mali. Matajiri watatu, Patiño, Hochschild na Aramayo, walishika migodi ya nchi, na Hochschild ndiye aliyekuwa na nguvu Cerro Rico. Bati liliyeyushwa Uingereza. Mapinduzi ya 1952 yaliitaifisha migodi, ikaundwa kampuni ya umma ya COMIBOL, lakini Bolivia ilisubiri hadi 1971 kupata kiyeyushio kikubwa cha bati chake yenyewe, kule Vinto karibu na Oruro. Oktoba 1985 bei ya bati duniani iliporomoka, serikali ikafunga migodi, na zaidi ya wachimbaji 20,000 nchi nzima wakapoteza kazi.

Wengi walihama. Waliobaki Potosí walirudi mlimani kama k'ajcha, safari hii kwa jina la ushirika. Leo Cerro Rico unachimbwa hasa na vyama vya ushirika vinavyokodi mashimo kutoka COMIBOL. Jina ushirika lisikudanganye. Mwanachama ana sehemu yake mgodini, anaajiri vibarua, mara nyingi vijana kutoka vijijini wasio na mkataba wala bima, na kila kundi linabeba hasara yake. Wanauza mbale ya zinki, risasi na fedha kwa wanunuzi binafsi, kwa bei inayoamuliwa London. Bei ikipanda, mjini utaona magari mapya na harusi. Ikishuka, vibarua wanarudi kulima viazi. Nje ya mashimo wapo wanawake wanaoitwa palliri, wengi wajane, wanagonga kifusi kwa nyundo kutafuta kilichosalia.

Kabla ya kushuka, wachimbaji hukaa nusu saa nzima wakitafuna koka, donge likijaa shavuni. Koka inakata njaa na uchovu, na ni saa pia: ikipoteza ladha wanajua muda wa kupumzika umefika. Ndani, kwenye kona ya njia, ameketi El Tío, sanamu ya udongo yenye pembe, mwenye mali za chini ya ardhi. Wanamtilia sigara iliyowashwa mdomoni, wanamwagia pombe kali, wanamtandazia koka. Hawaoni mgongano kati yake na kanisa. Mungu ana mamlaka yake juu, huyu ana yake chini. Kinachowaua zaidi ni vumbi. Silikosisi hukausha mapafu polepole, na mchimbaji wa miaka arobaini na kitu anaweza kuwa tayari mzee.

Mlima wenyewe umechoka. Mwaka 2011 sehemu ya kilele ilididimia. UNESCO, iliyouweka mji na mlima kwenye Urithi wa Dunia 1987, ikauhamishia kwenye orodha ya vilivyo hatarini mwaka 2014. Kuna katazo la kuchimba kuanzia mita 4,400 kwenda juu, na kuna watu wanachimba juu ya mita 4,400. Ukiwauliza wanakujibu kwa swali: tukashuke wapi? Mlima huu umo kwenye nembo ya taifa, lakini nembo hailipi ada ya shule.

Kama vijana wako wanataka mfano mmoja wa kwa nini utajiri haukai, wape Karachipampa. Ni kiyeyushio cha risasi na fedha, kilometa chache nje ya mji, kilichomalizwa kujengwa miaka ya 1980. Kikakaa bila kuwashwa takriban miaka 30, kwanza kwa kukosa mbale ya kutosha. Kikawashwa 2013, na kimeendelea kusumbua. Miaka yote hiyo malori yalipita karibu nacho yakishusha mbale kwenda bandari za Chile, ikayeyushwe ng'ambo. Mwaka 2010 mji uligoma siku 19, barabara zote zimefungwa, na madai yao hayakuwa ya ajabu: kiwanda cha saruji, uwanja wa ndege, mpaka na mkoa jirani, kilele cha mlima kiokolewe. Mkoa huo huo una Salar de Uyuni, ziwa la chumvi la kilometa za mraba zaidi ya 10,000 lenye lithiamu ya betri chini yake, na mazungumzo ya nani aichenjue, na wapi, yamekuwa makali kwa sababu watu wa Potosí wana kumbukumbu ndefu.

Sasa sarafu ya bibi. Neno reale limetufikia kutoka kwa Wahispania na Wareno, kama lilivyofika Oman na kuzaa riali yao. Sarafu ya reale nane, yenye gramu 27 hivi, ndiyo iliyozunguka dunia nzima, na katika pwani yetu zile zenye nguzo mbili ziliitwa reale ya mzinga. Waarabu nao walifikiri hivyo hivyo: nguzo za Hercules waliziona mizinga. Kwa hiyo aliyekuambia hakukosea kabisa, ila usikubali kabla hujaitazama.

Ichukue dirishani. Ukikuta kichwa cha mwanamke mnene mwenye ushungi na mwaka 1780, hiyo ni ya Maria Theresa wa Austria. Hizo ndizo zilizojaa Unguja na pwani yote, na mwaka 1780 uliendelea kupigwa juu yake hata katika karne ya 20. Ukikuta nguzo mbili, tafuta kwenye maandishi ya pembeni herufi ndogo. M yenye o kichwani ni Meksiko, na nyingi zitakuwa hizo. Lakini ukiona herufi P, T na S zimebebana pamoja kama fundo, hadi unapata shida kuzitenganisha, hiyo imepigwa Potosí. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno ili ing'ae. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, uwapelekee darasani waishike.